Sura Kwenye Mti Mbichi

Kaka yangu Faustini ni fundi seremala, na mtu asikudanganye, Kizota nzima hakuna anayepiga randa kama yeye. Milango mingi ya nyumba mpya zinazoota kila siku hapa Dodoma imetoka mkononi mwake. Nampa sifa hiyo mapema kwa sababu huko mbele sitampa nyingine.

Yeye na wifi yangu Emiliana walijaliwa mtoto mmoja tu, Zablon. Alikuwa kijana mpole, mwimbaji wa kwaya, mtu wa kumchekea kila anayemsalimia. Lakini kwenye mbao mikono yake ilikuwa kama imevaa soksi. Atapima vizuri, akate vibaya. Faustini alimwingiza karakana tangu yuko shule ya msingi, akituambia samaki mkunje angali mbichi. Basi akamkunja. Akamkunja bila kupumzika, na sisi tukawa tunasema baba anamfundisha mtoto kazi.

Siku mambo yalipoharibika nilikuwepo. Mimi ni mshonaji, nina kibanda changu Ipagala, na nilikuwa nimepeleka meza ya cherehani itengenezwe mguu. Zablon alikuwa amekata mbao za mlango wa kanisa, mbao za mninga mzuri, na zote zilikuwa zimepungua upana wa kidole. Wazee wa kanisa wenyewe walikuwa wamekuja kuangalia kazi. Faustini aliutupa ubao mmoja chini mbele yao, akamtazama mwanawe kuanzia utosini hadi miguuni.

"Wewe Mungu alikuumba kwa haraka," akasema. "Ningekuchonga mimi kwa mkono wangu, ungetoka mtu."

Watu wakacheka. Zablon akafuta vumbi kwenye suruali, akanigeukia. "Shikamoo shangazi. Meza yako iko tayari, nimeimalizia asubuhi." Ule mguu wa meza mpaka leo hautikisiki, na mimi namchukia kila aliyecheka siku ile.

Haikupita muda Zablon akaenda machimbo ya dhahabu na vijana wenzake. Jumapili alikuwa anampigia mama yake. Emiliana alikuwa anaweka simu kwa sauti kubwa ili na baba asikie, maana mama ndivyo alivyo, anadhani sauti ya mtoto italainisha jiwe. Jumapili moja nilikula kwao, ugali wa uwele na mlenda, Zablon akapiga. Alikohoa sana, kisha akauliza, "Mama, muulize baba, nirudi nyumbani?"

Faustini hakuacha hata kutafuna. "Mwambie atarudi akishakuwa mtu."

Zablon alisikia. Tulimsikia akivuta pumzi. "Haya mama," akasema, "nimsalimie nani tena, shangazi yupo?" Ndiyo mara ya mwisho kumsikia.

Mvua kubwa zilipokuja, lile shimo wanaloliita duara lilititia wakiwa chini. Wenzake wawili walitolewa. Yeye hakufikiwa, ardhi ilikuwa inaendelea kushuka, ikabidi wachimbaji wasali pale juu na kulifunga. Wakatuletea begi lake. Ndani mlikuwa na shati la bluu nililomshonea mimi la kwaya, limekunjwa vizuri kama vile alikuwa analitunzia safari.

Emiliana hakulia. Alikaa mkekani akisema neno moja tu, kwamba anataka kaburi. Bila kaburi ataanzaje kulia, na matanga yataanuliwaje? Na sisi hatukuwa na mwili.

Ndipo akaja baba yetu mdogo, Mzee Castory, kutoka kijijini. Alitusalimu "Mbukwenyi" pale mlangoni kwa sauti ya chini, akakaa, akasema jambo hilo si geni. Wenzetu wenye migomba, mtu akipotea moja kwa moja huzika mgomba. Sisi huku kwenye ukame mgomba tungeutoa wapi? Wazee wa ukoo wetu walikuwa wanakata mti ulio hai, wenye maji bado, wenye urefu wa marehemu, wakauvika nguo yake na kuulaza kaburini.

"Uwe mbichi," akasema. "Mti mkavu ni kuni, na sisi hatuziki kuni. Lakini msiupe sura. Huo ni mti wa kumsindikiza, siyo yeye."

Ukakatwa mwarobaini wa pale uani kwao. Faustini akaomba aupeleke karakana mwenyewe, alitengeneze na jeneza, na asiingie mtu. Nani angemkatalia baba aliyefiwa? Mimi ndiye niliyempa lile shati la bluu.

Jeneza alilolileta lilikuwa la mninga, limeng'arishwa mpaka unajiona, na limeshakazwa skrubu. Tulizika Miyuji. Katekista alisoma sala zake akiangalia pembeni kidogo, naye alikuwa na huruma zake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tulilijua hilo sote na hatukuona aibu, kwa kuwa mti ulikuwa umevaa shati la mtoto wetu. Na Emiliana, udongo ulipoanza kugonga lile sanduku, ndipo alipolia. Alilia mpaka wanawake tukambeba. Kila Jumapili baada ya hapo alikuwa anakwenda Miyuji kufagia lile kaburi na kumsimulia Zablon habari za nyumbani.

Kiangazi kilipoingia, pepo za hapa zikaanza kukausha kila kitu mpaka midomo ya watu, Emiliana akaja kwangu Ipagala. Alisema kaka yako hali tena nyumbani. Mchana anajifungia kwenye stoo ya karakana, na mafundi wenzake wanamsikia akiongea mle ndani kwa sauti ya mapenzi.

"Ana mwanamke, wifi," akasema. "Mwanangu hata hajaoza."

Nilitoka pale na ulimi umenolewa. Nilifika Kizota jua la saa nane, mafundi wamejilaza kivulini. Nikaenda mlango wa stoo nikasikiliza. Ni kweli alikuwa anaongea. "Nisamehe basi," alikuwa anasema. "Neno moja tu. Hata ukinitukana." Nikasema moyoni huyo mwanamke naye ana maringo, nikausukuma mlango.

Faustini alikuwa amepiga magoti chini. Mbele yake, kwenye kigoda, alikaa mtu ameuelekea ukuta. Nililijua shati kabla sijajua kitu kingine, maana kola yake niliigeuza kwa mkono wangu. Kisha nikaijua shingo. Mgongo ulikuwa wa Zablon, masikio ya Zablon, ile namna yake ya kuweka mabega kama anayeomba radhi. Nikapiga kelele kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, nikamshika bega nimgeuze.

Lilikuwa bega la mti. Na uso ulionigeukia ulikuwa umepasuka. Ufa ulianzia kwenye paji la uso, ukapita pembeni ya pua, ukaingia mdomoni na kuuachanua upande mmoja, mdomo ukawa wazi kama wa mtu anayeita kutoka mbali. Jicho moja lilikuwa limepanda juu. Ndani ya ule ufa mlikuwa na gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, nayo ilikuwa imesukumwa nje na kukauka kama usaha. Nilikaa chini palepale kwenye maranda.

"Sikuweza kumfukia, Paskalia," kaka yangu akasema. "Alikuwa ametoka vizuri mno."

Hakusema kwamba alikuwa mwanawe. Alisema ametoka vizuri. Nilimwuliza, sasa sisi tulizika nini? Akajibu kipande kilichobaki, na maranda ya kujazia ili jeneza lisicheze.

Akanieleza yote, kwa sababu mtu aliyebeba kitu kama hicho akipata pa kukitua hukitua chote. Aliingia na ule mti akiwa na nia ya kuutoa magome tu. Lakini alipouona umelala pale, urefu wa Zablon, lile neno lake la siku ile likamrudia. Ningekuchonga mimi ungetoka mtu. Akachukua tezo, kisha patasi, akasema nitamtengeneza upya, nitamrudishia kila nilichomwondolea. Akamchonga kuanzia kiunoni kwenda juu, kipande cha chini akakikata; akachonga vidole, akachonga na kovu la kwenye nyusi. Alipomaliza alikuwa mzuri kuliko alivyokuwa hai, na Faustini akalia na kujivunia kwa wakati mmoja. Miezi ya kwanza waliishi vizuri. Alikuwa anamletea habari za kazi, anamwonyesha milango, anamwomba msamaha taratibu. Zablon alikuwa anamsikiliza kwa uso ule wa upole.

"Ila nilijua," akasema. "Mti mbichi hauchongwi sura. Hata mwanafunzi aliyekuja juzi karakana anajua, unausubiri ukauke kwanza, ama sivyo utajichana wenyewe. Nilijua, nikajidanganya kwamba huyu atanionea huruma."

Upepo wa kiangazi haukumwonea huruma. Ufa ukaanza kama unywele, akauziba. Ukafunguka, akauziba. Kadiri alivyoziba ndivyo sura ilivyozidi kupinda, mpaka akaanza kuuogopa uso alioutengeneza mwenyewe, akaugeuzia ukutani. Kama ulivyofanya kwanza, nikamwambia. Ulimzaa ukamgeuzia mgongo, umemchonga ukamgeuzia ukuta.

Kabla hajanijibu ile sanamu ikalia. Ta! Sauti kavu, ya mti unaoachana ndani kwa ndani. Kaka yangu, mwanaume mzima mwenye mvi, akajikunyata akafunika kichwa kwa mikono kama mtoto anayechapwa.

"Ananijibu," akasema. "Kila nikimwomba, ananijibu hivyo."

Nilimhurumia, siwezi kusema uongo. Lakini nilikumbuka ufagio wa Emiliana kule Miyuji, huruma ikaisha. Nilitoka nikapanda bodaboda, nikamleta wifi yangu alasiri ileile. Nilimweleza njiani kwa kupigia kelele upepo.

Aliingia stoo, Faustini akasimama katikati kumzuia asiuone ule uso. Emiliana akamsukuma. Akakaa chini mbele ya ile sanamu, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akavua khanga ya begani akaanza kuipangusa vumbi, taratibu, kuanzia kovu la kwenye nyusi mpaka kwenye ule mdomo. Ile gundi iliyokauka aliibandua kwa kucha.

"Mama Zablon, usimtazame," Faustini akasema. "Ameharibika."

"Mwanangu alifukiwa na mawe," Emiliana akasema. "Ulitaka awe na sura gani?"

Hapo akalia, siyo kama kule makaburini, kilio kidogo tu cha mtu aliyefika. Alikishika kidole kimoja cha mti akawa anakipapasa. Alipomaliza akamgeukia mumewe. Alisema amekuwa akikisimulia kipande cha mti habari zake zote, hata zile ambazo hajawahi kumwambia yeye. Alisema angeweza kuondoka leo hii. Lakini Jumamosi watalifungua kaburi, watamweka huyu ndani kwa sura yake hiyohiyo, Mzee Castory akiwepo na katekista akiwepo, na Faustini atasema mbele yao alichofanya.

"Nikishamzika nitakusamehe," akasema. "Nitakaa na wewe mpaka tuzeeke. Sikuombi kitu kingine hapa duniani, Baba Zablon. Nipe huyu nimzike."

"Watu watauona uso huu," Faustini akasema. "Watasema mimi ndiye niliyemfanya hivi."

"Kwani siyo wewe?"

Mwishowe Faustini akaitikia. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema haya, mke wangu, Jumamosi. Emiliana akamwagiza atengeneze sanduku jingine, la kawaida, lisilong'aa, na yeye angekuja Ijumaa kumweka shati vizuri. Njia nzima ya kurudi alikuwa ananiuliza kama nina uzi wa bluu, kwa sababu kifungo kimoja kilikuwa kimelegea.

Ijumaa tulikwenda wote wawili. Emiliana alibeba sufuria ya chakula cha mumewe, maana alikuwa ameanza tena kumpikia. Mimi nilibeba uzi. Tukiwa bado barabarani tulisikia harufu ya moshi, na mwarobaini ukiungua unaweza kuujua, uchungu wake unakukaa kooni. Mafundi wa karakana za jirani walikuwa wamesimama mbali, wanatazamana.

Faustini alikuwa amemchanja kwa shoka. Amemchoma kwenye lile nusu pipa la kuchomea takataka, yeye na shati lake, na tulipofika palikuwa pamebaki majivu na makaa mawili matatu. Shoka alikuwa bado nalo mkononi. Machozi yalikuwa yanamtoka, na nadhani alikuwa analia kweli.

"Nilishindwa," akasema. "Nilimlaza kwenye sanduku nikashindwa, alikuwa ananitazama. Ulikuwa mti tu, Mama Zablon. Nitakutengenezea mwingine. Nitatumia mti mkavu, atatoka vizuri, utaona."

Emiliana aliweka sufuria chini, akamimina chakula chote mchangani. Akasubiri moto uzimike kabisa, amesimama, hakukubali hata kigoda nilichomletea. Majivu yalipopoa akayachota kwa viganja, kiganja baada ya kiganja, akayatia kwenye ile sufuria na kuifunika kwa khanga. Mikono yake ilikuwa myeusi mpaka viwikoni.

"Umemfukuza mara ya pili," akamwambia.

Hakurudi nyumbani kwake hata kuchukua nguo. Alikwenda kwao kijijini, mimi nikamfungia mizigo yake baadaye.

Faustini alidhani mkono wake utamrudishia mke. Akachagua mninga uliokauka, akasimamisha picha ya Zablon mbele yake, ile aliyopiga na kwaya, akaanza kuchonga. Nilikwenda kumwona baada ya mavuno ya mwaka uliofuata. Stoo yote ilikuwa imejaa vichwa, vimepangwa juu ya shelfu na chini na dirishani. Nilivipitia kimoja kimoja. Mti ulikuwa mkavu, hapakuwa na ufa hata wa kuingiza unywele, lakini kila kichwa kilikuwa na mdomo ulioachama upande mmoja na jicho moja limepanda.

"Naanza vizuri," akaniambia. "Picha iko hapa, naiona. Nikifika mdomoni mkono unakwenda wenyewe." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Paskalia, alikuwa anachekaje? Nionyeshe alivyokuwa anacheka." Nilijaribu kumwonyesha. Alinitazama kinywani kwa bidii yote, akachukua patasi, akatoa uleule.

Hakupokea tena kazi za milango. Wateja waliokuja wakaviona vile vichwa hawakurudi.

Majivu yamezikwa. Emiliana aliyazika mwenyewe kule kwao, asubuhi, tukiwa watatu tu, yeye, mimi na Mzee Castory. Mzee alisema hajawahi kuona jambo hilo lakini halikatazi. Hakuna msalaba wala jiwe, pamepandwa mtama juu yake, na asiyejua anapita tu. Wifi yangu alinishika mkono pale akaniapisha kwamba Faustini hatapajua maadamu yeye yuko hai. "Na mimi aliniliza mahali pasipo na mtu," akasema. Nikaapa.

Kwa hiyo kaka yangu amebaki na lile la Miyuji. Kila Jumapili baada ya ibada anakwenda, kwa sababu asipokwenda watu watauliza. Anafagia, anamwagilia yale maua, anakaa. Waumini wanaopita wanamsifu kwamba ni wababa wachache wenye upendo namna ile. Wengine husimama wakasali naye. Anasali nao, na chini pale kuna kipande kilichobaki na maranda, na anayejua hilo katika wote wanaosali ni yeye peke yake.

Juzi alikuja kwangu Ipagala. Amekonda, shingo imekuwa ndogo ndani ya kola. Tulinyonya ziwa moja mimi na yeye, na tulipokuwa wadogo alikuwa ananibeba mgongoni kuvuka korongo mvua ikinyesha. Alipiga magoti kwenye vipande vyangu vya vitambaa, akanishika miguu.

"Nionyeshe hata kwa kidole," akasema. "Sitasogea. Nitasimama barabarani. Nataka niseme naye mahali alipo."

Nilizima cherehani. Nilitaka kumwambia, Mungu anajua jinsi nilivyotaka. Jina la kijiji lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Nenda Miyuji, kaka," nikamwambia. "Ndiko ulikotuzikia."

Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akajipangusa nyuzi kwenye magoti, akaniaga vizuri kama mgeni. Nilisubiri afike barabarani ndipo nikalia.